KABLA YA KUKATA WAYA: TAA YA MKABA WA GARI INATUAMBIA NINI?



Ukipanda gari ndogo ya usafiri pale Uvira mjini, ukielekea Kalundu, Makobola, Swima mpaka kule Baraka, angalia vizuri mbele ya dereva. Mara nyingi utakuta moja kati ya mambo matatu. Ao taa nyekundu ya mkaba inawaka safari nzima na ile bipu inalia mpaka dereva anapandisha muziki. Ao kwenye kifungio wamechomeka ulimi wa chuma peke yake, bila mkaba, ili gari inyamaze. Ao taa haiwaki kabisa, hata kontakte ikiwekwa, kwa sababu kuna mtu alishapita na pinsi akakata waya.

Hii maneno inatuhusu. Wahitimu wengi wa hapa kwetu, wa droit, wa ekonomia, wa agronomia kama mimi, wanaendesha Probox, Vitz ao Ist huku wakingojea kazi ya diploma yao. Wengine wamechanga pesa na ndugu zao mpaka wakapata gari ya okazioni iliyotoka Japani. Gari njo shamba lao. Na kwenye garaje, taa ya mkaba (mafundi wanasema sentire) njo kosa lenye kujibiwa haraka kuliko yote: "Tukate tu, itaacha kusumbua." Ao kinyume chake: "Tablo imekufa, leta dola." Kwa maoni yangu majibu yote mawili mara nyingi ni uvivu, na la pili wakati mwingine ni wizi.

Sirkwi ya taa hii ni moja ya zile nyepesi kabisa ndani ya gari. Mtu aliyeshika sheria ya Ohm pale humanités anaweza kutafuta kosa lake mwenyewe, na multimetre ya bei ndogo, katika saa moja. Lakini chini ya kiti kile kile kunapita waya zingine zenye kuamuru baruti, na anayekata bila kujua anaweza kukata hizo. Kwa hiyo naomba mtu asianze kupima kabla hajafika kwenye sehemu ya fishi ya manjano.

Tuone kwanza njia ya umeme upande wa dereva. Umeme unatoka batri, unapita fuzibile, unafika kwenye tablo, mle taa ilimo. Kutoka tablo waya mmoja unashuka chini ya zulia, unafika kwenye fishi ndogo chini ya kiti, unapanda mpaka ndani ya kifungio. Ndani ya kifungio kuna swichi ndogo sana. Kutoka hapo waya wa pili unaenda masi, ni kusema unafungwa na bolti kwenye bati la gari. Basi, njo hivyo tu.

Kwenye gari nyingi za Kijapani, ulimi wa mkaba ukiwa nje swichi imefunga njia, umeme unafika masi, taa inawaka. Ukiingiza ulimi, swichi inafungua njia, umeme unakatika, taa inazimika. Angalia vizuri, maana hapo kuna mtego: mkaba ukifungwa, sirkwi inafunguliwa. Njo maana mtu akikata waya wa gari ya namna hiyo taa inazimika mara moja na fundi anaonekana bingwa. Gari sasa inaamini kwamba dereva amefunga mkaba siku zote, hata kama ameukalia. Ziko gari zingine zenye mpango wa kinyume: humo ukikata waya taa inawaka milele, na kesho yake unarudi garaje. Na ziko zingine tena ambazo hazina swichi ya kugusana, ziko na kaptere ya sumaku ambayo kompyuta ya erbagi njo inaisoma.

Upande wa abiria kunaongezeka kitu cha pili: mkeka mwembamba wa plastiki chini ya kitambaa cha kiti, juu ya sponji, wenye vipande vya kugusana ndani yake. Uzito ukiukandamiza, vipande vinagusana. Katika mpango rahisi, mkeka na kifungio vimefuatana kwenye njia moja, en série, kama tulivyochora shuleni. Taa inawaka tu ikiwa kuna uzito na mkaba haujafungwa. Kwa hiyo kosa lenyewe linakuambia lilipo. Taa inawaka na kiti ni kitupu? Mkeka umeshikamana (na ulimi uko nje), ao waya umegusa bati. Taa haiwaki hata mtu mzima akikaa bila mkaba? Njia imekatika pahali. Inawaka ukiweka gunia la ndagala? Hapo hakuna kosa lolote. Mkeka haujui kutofautisha mtu na gunia, unajua uzito tu.

Wamarekani walijifunza hiyo kwa hasira. Gari zao za modeli ya 1974 ziliwekewa mpango wa kukataa kuwaka kabisa kama mtu wa mbele hajafunga mkaba. Unaweka mfuko wa soko kwenye kiti cha abiria, ao mbwa wako anapanda, gari inagoma. Watu walipiga kelele mpaka bunge lao, mwezi wa kumi mwaka ule ule wa 1974, likapitisha sheria ya kukataza serikali isilazimishe mpango huo, wala isilazimishe bipu ya kupita sekunde 8. Sisi hatuna haja ya bunge. Gunia na bidoni ya mawese viende nyuma, ao ufunge mkaba juu ya gunia: bipu inanyamaza, na ukifunga breki kwa nguvu gunia linabakia pale lilipo.

Lakini kuna jambo moja ambalo mkeka hauwezi kusuluhisha: abiria wawili kwenye kiti kimoja cha mbele. Tunalijua wote. Mkaba ni wa mtu mmoja, na taa ikiwaka pale, ni haki yake.

Sasa fishi ya manjano.

Ukiinama chini ya kiti cha mbele cha gari yenye erbagi, utaona mara nyingi fishi zaidi ya moja. Ile ndogo nyeupe, nyeusi ao ya rangi nyingine mara nyingi ni ya swichi ya kifungio ao ya mkeka. Ile ya manjano ni ya erbagi ya ubavu iliyo ndani ya kiti, ao ya kifaa cha kuvuta mkaba. Kifaa hicho, Wafaransa wanakiita pretansionere, kinakaa ama kwenye kifungio ama kwenye nguzo ya gari karibu na mlango. Ndani yake kuna baruti kidogo. Gari ikigonga, kompyuta inatuma umeme kidogo, baruti inalipuka, mkaba unavutwa kwa nguvu na kukubana kwenye kiti kabla mwili haujaenda mbele. Erbagi nayo inajaa hewa katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kutokana na hiyo: kwenye waya za manjano hatupimi kitu. Si ohm, si volti, na zaidi sana ile lampi ya majaribio ambayo mafundi wengi wanaipenda, ile balbu yenye waya mbili. Balbu inapitisha umeme mwingi, inaweza kulipua. Multimetre nayo inatuma umeme wake mwenyewe ikipima ohm, hata kama ni kidogo, na vitabu vya watengenezaji vinakataza. Kama unapaswa kuchomoa fishi ya manjano, kwa mfano unatoa kiti, zima kontakte, toa waya wa hasi wa batri, kisha ngoja. Vitabu vya Toyota vinasema angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya erbagi inabakia na akiba ya umeme ndani yake. Mimi nasema nenda ukanywe chai, urudi. Na usirudishe batri mpaka fishi zote ziwe zimeingia mahali pake. Ukiweka kontakte fishi ya manjano ikiwa nje, kompyuta inaandika kosa, na taa ya erbagi (ile ya mtu mwenye puto mbele yake) kwenye gari nyingi itabaki inawaka mpaka mtu wa skana aifute.

Hizo taa mbili watu wanazichanganya sana. Taa ya mkaba ni ya mtu aliyekaa mwenye mstari kifuani. Taa ya puto ni ya erbagi na ya vile vifaa vya kuvuta mkaba. Kama inayowaka ni ya puto, makala hii haitakutosha. Tafuta mwenye skana, maana pale kupima na mkono ni kucheza na baruti.

Kwa nini kosa hili liko mingi kwetu? Nafikiri jibu liko ziwani na barabarani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukapita ndani ya mji wa Uvira. Mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika yenyewe ilipanda ikaingia Kalundu na kwenye nyumba za kando ya ziwa. Gari ngapi zilipita ndani ya maji yenye kufika kwenye zulia? Fishi ya chini ya kiti iko sentimita chache juu ya zulia. Na maji ya Tanganyika, hata kama tunayaoga na kuyapikia, yako na madini mengi kuliko maji ya mvua na ni ya alkali, pH inakaribia 9. Maji ya namna hiyo yanapitisha umeme vizuri. Yakibaki kati ya meno ya fishi, huku jino moja liko na volti na lingine ni masi, umeme mdogo unapita ndani ya maji na shaba inaliwa polepole. Unaona ule unga wa kijani? Ni shaba iliyogeuka. Gari inaweza kukauka kabisa, dereva akasahau mafuriko, na miezi sita baadaye taa inaanza kucheza.

Ongeza maji ya samaki wenye chumvi yanayodondoka kwenye kiti, vumbi la wakati wa jua, na mashimo ya barabara yenye kutikisa kila kitu. Ongeza tena Fanta ya mtoto ndani ya kifungio. Soda ikikauka inakuwa gundi, na swichi ya ndani inashindwa kurudi.

Kwetu sisi wa agronomia, walitufundisha kwamba jani la muhindi likigeuka manjano haukimbilii mbolea. Inaweza kuwa azoti imepungua, inaweza kuwa mizizi imelala ndani ya maji. Unauliza kwanza, unatazama, kisha njo unapima. Gari haina tofauti kubwa.

Uliza: taa ilianza lini? Kisha nini? Baada ya kuosha gari? Baada ya mtu kutoa kiti apakie mzigo? Swali hilo la mwisho peke yake linamaliza nusu ya kesi, maana mtu anatoa kiti, anakirudisha, na fishi inabakia bila kusukumwa mpaka ilie "ta!".

Kisha tazama taa bila kushika kitu. Weka kontakte bila kuwasha motere. Ingiza ulimi, toa ulimi, mara kumi. Taa inafuata kila mara, ao mara moja kwa tatu? Sukuma kiti mbele mpaka mwisho, kirudishe nyuma mpaka mwisho, ukitazama taa. Kama inacheza kiti kikitembea, usitafute mbali, ni waya ulioko chini ya reli. Kama inacheza ukitikisa ulimi ndani ya kifungio, ni kifungio chenyewe. Angalia pia ndani ya kile kitundu na tochi ya simu. Nimeshaona humo maganda ya karanga, sarafu ya Burundi, na kipande cha biskuti. Kitu kikavu kinatolewa na hewa ya kompresere. Kama ni gundi ya soda, tumia ile spray ya kusafisha kontakte za umeme, kisha ingiza na kutoa ulimi mara nyingi. Usitie mafuta ya motere, usitie petroli: mafuta yanashika vumbi, petroli inakula plastiki.

Kama bado, tunagawa sirkwi katika sehemu mbili. Hii njo hatua ninayoipenda, na haiombe hata multimetre. Zima kontakte. Tafuta fishi ya kifungio chini ya kiti, fuata waya kwa vidole kutoka kwenye kifungio chenyewe ili uwe na hakika, na kama rangi yake ni manjano, acha. Ichomoe. Weka kontakte. Kwenye gari ile ya mpango wa kawaida wa Kijapani taa inapaswa kuzimika, maana umeondoa njia ya masi. Ikizimika, kosa liko upande wa kiti: kifungio ao waya zake. Ikibaki inawaka, kiti hakina hatia. Kosa liko kati ya fishi na tablo, na mara nyingi ni waya uliosuguliwa na reli ao bolti mpaka ukagusa bati.

Kosa likiwa la kinyume, ni kusema taa haiwaki kamwe, unafanya jaribio la pili. Fishi ikiwa imechomolewa, unganisha meno mawili ya upande wa gari na kipande cha waya mwembamba. Taa ikiwaka, upande wa gari ni mzima na kifungio njo kimekufa. Isipowaka, angalia fuzibile, angalia waya unaoshuka, angalia masi. Narudia hapa pia: kwa fishi ya swichi tu, yenye una hakika nayo.

Multimetre inaingia sasa, kuthibitisha. Batri ikiwa imetolewa, weka kwenye ohm, gusanisha kwanza ncha zake zenyewe: zile za bei ndogo zinaonyesha 0.2 ao 0.5, hiyo ni ya waya zake, iondoe kichwani. Kisha pima meno mawili ya fishi upande wa kifungio. Ulimi nje: inapaswa kuwa karibu na 0. Ulimi ndani: hakuna njia, skrini inaandika OL ao 1 upande wa kushoto. Kama ni kinyume, gari yako ni ya ule mpango wa kinyume, si kosa. Kosa ni pale hesabu inabaki moja ulimi ukiingia na ukitoka, ao pale inaonyesha 80, kisha 300, kisha 40, kila ukitikisa. Hiyo ni swichi chafu ao iliyochoka. Na ukipata hesabu mbili tofauti ambazo hazichezi, kwa mfano mia kadhaa ulimi ukiwa nje na nyingine ukiwa ndani, usihukumu haraka: kuna vifungio vilivyotengenezwa na rezistansi ndani yake ili kompyuta ijue kama waya umekatwa. Hizo huwezi kuzidanganya na pinsi.

Rudisha batri, weka kontakte, fishi ikiwa nje, pima volti kwenye waya unaotoka tablo, ncha nyeusi ikiwa kwenye bati safi lisilo na rangi. Utapata volti karibu na za batri, ao karibu na 5 kwenye gari ambazo kompyuta njo inasoma. Ukipata 0, umeme haufiki. Kisha waya wa masi: zima kontakte, pima ohm kati yake na bati. Inapaswa kuwa chini ya 1. Ukikuta 20 ao 50, tafuta ile bolti, piga papieri ya msasa, kaza. Bolti ya masi yenye kutu nimeikuta mara nyingi kuliko kifungio kibovu, na kuisafisha ni bure.

Nitoe mfano mmoja. Ndugu mmoja wa kwetu Makobola alikuwa na Vitz ya kupeleka abiria mjini. Taa ya mkaba wake ilikuwa inawaka kila akipita shimo, amefunga mkaba vizuri. Garaje ya kwanza ikasema kifungio. Alinunua cha okazioni, haikubadilika kitu. Ya pili ikasema tablo, na ikaomba pesa ya kazi ya wiki mbili. Tulipochomoa fishi chini ya kiti taa ilizimika. Tuliposukuma kiti nyuma mpaka mwisho na kuirudisha fishi, iliwaka. Kiti mbele, inazimika. Hapo tablo ilishatoka kwenye mashtaka. Tulitoa kiti (batri nje, tukangoja, kulikuwa na fishi ya manjano). Waya ulikuwa umetoka kwenye kishikio chake cha plastiki, ukawa unabanwa na reli kila kiti kikirudi nyuma. Ngozi yake ilikuwa imekatika sehemu ya milimita 3 hivi, shaba inagusa chuma. Kwenye shimo kiti kinatikisika, shaba inagusa, tablo inaamini mkaba umefunguliwa. Kifungio cha kwanza, kile alichokitupa, kilikuwa kizima.

Waya kama huo tunautengenezaje? Watu wanasokota na kuzungushia shatertoni. Kwa joto la Uvira gundi ya shatertoni inayeyuka, vumbi linaingia, na kufika saizoni ya mvua umerudi pale pale. Kata sehemu mbovu, ongeza kipande cha waya wa unene ule ule, chomelea na risasi, vuta juu yake ile mipira inayojibana ikipashwa moto. Acha urefu wa kutosha: kiti kinatembea sentimita zaidi ya 20, na waya uliovutwa kama kamba ya gitaa utakatika tena. Mwisho urudishe kwenye kishikio chake mbali na reli. Meno ya fishi yenye unga wa kijani unaweza kuyasugua taratibu na burashi ya meno na spray ya kontakte. Yakiwa yameliwa mpaka ni membamba, badilisha fishi nzima. Na mkeka wa abiria uliokunjika haurudi. Watu wanaopiga magoti juu ya kiti kutafuta kitu nyuma njo wanauharibu. Ukikuta umeshikamana, unatafuta kiti cha okazioni cha gari ile ile, na unatazama mwaka, maana fishi zinabadilika.

Mtu ataniuliza: kazi yote hiyo, na ule ulimi wa chuma wa kuchomeka unauzwa kwa bei ya chakula cha mchana? Tuhesabu kwa fizika yetu wenyewe. Gari inayokwenda kilometa 50 kwa saa ikigonga ukuta, mwili usiofungwa unagonga kioo kwa mwendo ule ule ambao ungekuwa nao ukianguka kutoka mita 10. Chukua nusu ya v mraba, gawa kwa g, utaona mwenyewe. Mkaba wa kupita kifuani na tumboni, ule ambao Nils Bohlin aliutengeneza kwa kampuni ya Volvo mwaka 1959, unapunguza hatari ya kufa kwa watu wa mbele karibu nusu, kama Shirika la Afya Duniani linavyosema. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wa ule ulimi hawalisemi: kwenye gari zingine kompyuta ya erbagi inasoma kifungio ili iamue namna ya kulipua. Ukiidanganya kwamba umefungwa, itapanga kazi yake kwa mtu aliyeshikwa na mkaba, na wewe utakuwa unaruka mbele kuelekea puto linalokuja kwa kasi.

Kwa wale ambao bado mnachanga pesa za kununua gari: taa hizi ni njia nzuri ya kumjua muuzaji. Weka kontakte bila kuwasha motere, tazama tablo. Taa ya mkaba iwake, uifunge uone inazimika, uifungue uone inarudi. Taa ya puto iwake peke yake, ibakie sekunde chache, kwenye Toyota nyingi karibu 6, kisha izimike hata motere haijawashwa. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa ao waya umekatwa, na pengine erbagi ilishalipuka zamani katika ajali ambayo hukuambiwa. Ikizimika kwa pamoja na taa ya oili pale motere inapowaka, uliza maswali: kuna mafundi wanaounganisha waya wa taa ya puto kwenye taa nyingine ili ionekane inafanya kazi. Angalia pia chini ya viti kama kuna shatertoni, matope makavu kwenye reli, kutu kwenye bolti za kiti. Gari iliyolala ndani ya maji inaoshwa juu, mara chache sana inaoshwa chini ya kiti.

Na ukishamaliza kutengeneza ya kwako, usiijaribu ikiwa imesimama tu mbele ya garaje. Ipeleke kwenye barabara mbovu, kiti kikiwa nyuma kabisa, kisha katikati, kisha mbele, mtu mwingine akitazama tablo. Ukitoka Uvira mpaka Makobola na kurudi bila taa kucheza hata mara moja, rudisha zulia mahali pake.